Mvinyo mwekundu wa Dodoma mezani kwa wakwe: kwa nini ulikuwa mkali, na upike nini

*"Mwezi ujao wakwe wanakuja kwangu, Dar es Salaam, kwa chakula cha mchana cha Jumapili. Baba mkwe ni mkulima wa zabibu Hombolo, kwa hiyo nimepania kuweka mezani mvinyo mwekundu wa Dodoma. Shida ni kwamba Krismasi iliyopita nilipoutoa, wageni walikunja nyuso: mkali, unakausha ulimi, pombe inapanda puani. Nilikuwa nimepika pilau, mbuzi wa kuchoma, samaki wa kupaka na kachumbari ya pilipili mbuzi. Sikuuweka kwenye friji kwa sababu niliambiwa mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumba. Shemeji anasema ninunue wa Afrika Kusini, eti wa kwetu haufai. Wifi yangu naye anasema nimpe mama mkwe glasi moja kila siku atakayokuwa hapa, kwa kuwa ana upungufu wa damu na presha, eti utamwongezea damu. Na nusu chupa ya Krismasi bado iko kabatini. Naweza kuitumia? Nipike nini ili mvinyo huu ukae vizuri?"*

Dada yangu, kabla hatujaulaumu mvinyo, tuangalie siku yenyewe. Sebule ya Dar mwezi wa Desemba, saa saba mchana, jiko la mkaa liko uani na watu wamejaa ndani, huwa na nyuzi joto 30 au zaidi. Chupa yako ilikuwa na joto hilo hilo. Halafu aliyekunywa alikuwa ametoka kutafuna pilipili mbuzi. Katika hali hiyo hata mvinyo wa bei mbaya kutoka Bordeaux, Ufaransa, ungewakunjisha watu nyuso. Nina uhakika mkubwa kwamba nusu ya tatizo lako ni joto, robo ni pilipili, na kilichobaki tutakitafuta kwenye lebo.

Nianze na hilo la "joto la chumba", maana limeharibu chupa nyingi mno katika mwambao huu. Ushauri huo ulizaliwa Ulaya, kwenye nyumba za mawe za zama ambazo hazikuwa na mitambo ya kupasha joto, ambako chumba cha kulia kilikuwa na nyuzi 16 hadi 18. Waliosema "toa mvinyo kwenye ghala la chini, uweke chumbani" walikuwa wanaupandisha joto kidogo kutoka kwenye baridi. Sisi tumeuchukua ushauri bila kile chumba. Mvinyo mwekundu ukifika nyuzi 28 au 30, pombe huruka kwa wingi kutoka kwenye glasi na kukufikia puani kabla ya harufu ya tunda. Ladha ya zabibu inalegea, unabaki na ukali tu. Hiyo ndiyo "pombe inapanda puani" waliyoilalamikia wageni wako.

Kwa hiyo uweke kwenye friji, na usione haya mbele ya mtu yeyote. Chupa iliyokuwa na joto la sebule la Dar inahitaji kama saa moja na ushee kwenye friji ili ishuke hadi nyuzi 17 hivi. Umeme ukikatika, au friji ikiwa imejaa soda na vyakula vya wageni, chukua ndoo, weka barafu, kisha ongeza maji mpaka yafike kwenye shingo ya chupa. Maji ni muhimu, kwa sababu barafu tupu inagusa chupa hapa na pale tu. Ndani ya dakika 10 hadi 15 mvinyo umefika. Usiuache ukawa baridi kama bia. Baridi kali huficha harufu na kuufanya ukakasi usikike zaidi, na utarudi pale pale pa kukunja nyuso.

Sasa ukakasi wenyewe. Wageni wako waliita kila kitu "mkali", lakini ulimi ulikuwa unapata mambo matatu tofauti: uchachu, unaojaza mate mdomoni, uchungu, unaobaki nyuma ya ulimi, na ukakasi, ule wa kukausha, kama ukiuma ndizi mbichi. Unaokusumbua wewe zaidi ni ukakasi, na unatokana na tanini. Hizi ni kemikali zilizomo kwenye ngozi na mbegu za zabibu, na mvinyo mwekundu unazo nyingi kuliko mweupe kwa sababu juisi yake huchacha pamoja na ngozi. Rangi inatoka huko, na tanini inatoka huko huko. Ikifika mdomoni inashikana na protini za mate, zile zinazoufanya mdomo uteleze. Protini zikishikwa, utelezi unapotea, na ulimi unahisi kama umepitishwa msasa. Mate hayajaisha, yamepoteza tu kazi yake ya kulainisha.

Ukishalielewa hilo, suala la chakula linakuwa jepesi. Tanini ikikuta protini na mafuta ya nyama mdomoni, inapata kitu kingine cha kushika, na mafuta yanaurudishia ulimi utelezi wake. Chumvi nayo hupunguza uchungu. Ndiyo maana mvinyo ule ule ulioonekana msasa ukinywewa mtupu, wakati wageni wanasubiri chakula, unalainika ghafla baada ya kipande cha mbavu. Kama ulimimina glasi watu wakiwa bado wanasalimiana, hapo ulijiponza. Mvinyo mwekundu mkavu utoke pamoja na nyama.

Lakini nyama gani? Mbuzi ni chaguo zuri, na si kwa bahati. Kanda ya kati ni nchi ya mifugo na zabibu kwa pamoja. Aliyewahi kula nyama kwenye mnada wa Msalato, nje kidogo ya Dodoma mjini, anajua mbuzi wa huko anavyochomwa, chumvi na moshi, basi. Tatizo la mbuzi ni kwamba nyama yake haina mafuta mengi. Ukichoma paja peke yake likakauka, tanini haipati mafuta ya kuitosha. Chukua mbavu, au changanya na kondoo, ambaye mafuta yake ni rafiki mkubwa wa mvinyo wa aina hii. Paka chumvi ya kutosha kabla ya kuchoma. Choma polepole, na palipoungua mpaka pakawa peusi pakate, kwa sababu uchungu wa nyama iliyoungua unaongezeka juu ya uchungu wa tanini na wageni watadhani chupa ndiyo mbaya.

Pilau yako iache kama ilivyo. Watu wengi wanaogopa viungo wakidhani viungo vyote ni adui wa mvinyo, wakati bizari, mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga ni viungo vya harufu zaidi, haviunguzi kama pilipili mbuzi. Harufu ya karafuu, kwa mfano, hupatikana pia katika mvinyo uliokaa kwenye mapipa ya mwaloni. Ni kemikali ile ile. Pilau ya nyama ya ng'ombe yenye mafuta kidogo na kitunguu kilichokaangwa hadi kikawa kahawia ni moja ya vyakula ambavyo ningeviweka mbele ya mvinyo wa Dodoma bila kufikiri mara mbili.

Pilipili ni habari nyingine. Kinachounguza ndani yake kinaitwa kapsaisini, nacho huamsha vipokezi vya mdomoni ambavyo kazi yake ya asili ni kutuonya kuhusu kitu cha moto. Kwa kawaida vipokezi hivyo huamka joto likifika kama nyuzi 42. Pombe hushusha kiwango hicho hadi karibu nyuzi 34, yaani chini ya joto la mwili wako mwenyewe. Unaona balaa lililopo: mtu amekula pilipili mbuzi, kisha ananywa kitu chenye pombe ya asilimia 13 ili apoe, na kitu hicho kinazidisha moto. Ukakasi juu ya mdomo unaowaka ni mateso. Sisemi uondoe pilipili, baba mkwe anaweza kuwa mpenzi wake. Itoe kwenye kachumbari, uiweke kwenye kibakuli pembeni, kila mtu ajitwalie kadiri ya uwezo wake. Ndimu ya kachumbari pia punguza. Uchachu mwingi wa chakula huufanya mvinyo uonekane umepooza, hasa mvinyo wa nchi ya joto ambao wenyewe hauna uchachu mwingi.

Na samaki wa kupaka, naomba umtenganishe na mvinyo huu. Wapo wanaosema sheria ya "samaki na mweupe, nyama na mwekundu" ni maringo ya mahotelini, na kwa kiasi fulani nawaunga mkono, lakini katika hili kuna sayansi. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba chuma kilichomo ndani ya mvinyo kikikutana na vyakula vya baharini huzalisha ile ladha ya shombo inayobaki mdomoni, na kadiri chuma kilivyokuwa kingi ndivyo shombo ilivyozidi. Mvinyo mwekundu mara nyingi hubeba chuma kingi kuliko mweupe. Ongeza juu yake ndimu na pilipili za kupaka, na mchezo umekwisha. Kama samaki lazima awepo, mnunulie mvinyo mweupe mkavu wa huko huko Dodoma, uliotengenezwa kwa zabibu aina ya Chenin Blanc, ambayo inalimwa sana kule. Uchachu wake unakata tui la nazi vizuri sana. Mpe samaki kwanza na mweupe, kisha nyama na mwekundu. Mlo wenye zamu mbili hivyo utampendeza mkulima wa zabibu kuliko kila kitu kurundikwa mezani kwa pamoja.

Nikija kwenye hoja ya shemeji. Mvinyo wa Afrika Kusini ni mzuri, sina ugomvi nao, na una faida moja ya wazi: kwa bei ile ile mara nyingi utapata chupa zinazofanana moja na nyingine mwaka hadi mwaka. Mvinyo wa Dodoma hubadilika zaidi, na sababu yake inaeleweka. Mzabibu ni mmea wa nchi zenye majira ya baridi, ambako hupukutisha majani na kulala miezi kadhaa. Dodoma, iliyo kama nyuzi sita za latitudo kusini mwa ikweta, haina baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa, na baada ya miezi minne au mitano unazaa. Ndiyo maana kule wanavuna mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida kati ya Februari na Aprili, kisha tena Agosti hadi Oktoba. Mavuno ya kwanza hukomaa wakati wa mvua, zabibu zinanyonya maji na magonjwa ya ukungu yanasumbua. Yale ya pili hukomaa kiangazi, usiku wa mwezi wa saba ukiwa na ubaridi wa nyanda za juu, mita 1,100 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na zabibu zake huwa na sukari na rangi zaidi. Mchuzi wa misimu hiyo miwili haufanani, hata ukitoka shamba moja.

Kilimo chenyewe si cha jana. Wamisionari Wakatoliki walipanda zabibu Bihawana miaka ya 1950, wakihitaji divai ya altare, na kutoka hapo zikaenea vijijini. Leo kituo cha Makutupora cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kaskazini mwa mji, ndicho kinachohangaika na mbegu na magonjwa, na zabibu nyekundu iliyoenea zaidi mkoani imebeba jina hilo hilo la Makutupora. Baba mkwe wako ana uwezekano mkubwa wa kuwa analima hiyo. Kumwekea mezani chupa ya Stellenbosch, Afrika Kusini, wakati yeye anatoka Hombolo ni jambo ambalo mimi binafsi nisingethubutu, lakini nyumba ni yako.

Kinachobaki ni lebo, na hapa wanunuzi wengi wanateleza. Chupa za Dodoma zinauzwa kavu na tamu, tena wakati mwingine zimefanana sura. Lebo nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tafuta neno *dry* kwa mvinyo mkavu au *sweet* kwa mtamu. Mkavu ndio wa nyama. Mtamu si mbaya wala si wa washamba, kama baadhi ya watu wanavyopenda kuringia; una mahali pake tu. Kwa mgeni asiyezoea mvinyo, au anayekula pilipili kwa fujo, mtamu uliopozwa sana unamfaa kuliko mkavu, kwa sababu sukari inautuliza moto. Unakaa vizuri pia na kashata za karanga na hata na maini ya kukaanga yenye kitunguu kingi. Usiupeleke tu kwenye mbavu za mbuzi, utamu utaigeuza nyama iwe kama imemwagiwa sharubati. Angalia na asilimia ya pombe pia. Ikiwa 12 hadi 14, huo ni mvinyo wa kawaida. Ikizidi sana hapo, huenda umeongezewa pombe, na glasi iwe ndogo.

Ukitaka kubadilisha menyu kidogo, makange ya nyama ya ng'ombe bila pilipili nyingi yanafaa, ndizi nyama zinafaa sana, na kama familia ni ya kula kitimoto, mafuta yake na mvinyo huu ni ndoa. Biriani huwa nasita, mtindi na nyanya vinaleta uchachu mwingi. Mlenda, ambao wakwe wa Dodoma wanaweza kuutazamia na ugali wa uwele, upike kwa heshima yao, ila usitarajie upatane na mvinyo. Utelezi wa mlenda na ukakasi wa tanini vinapigana mdomoni kwa namna ambayo sijaona mshindi.

Sasa la mama mkwe, na hapa naomba unisikilize kuliko mahali pengine pote. Mvinyo mwekundu hauongezi damu. Rangi yake imewadanganya watu wengi, hata wajawazito na waliotoka kujifungua wananunuliwa chupa kwa imani hiyo. Tanini tuliyoizungumzia hushikana na madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga, maharage na nafaka, ikapunguza kiasi ambacho mwili unakifyonza, sawa na chai ya rangi inavyofanya ikinywewa na chakula. Kwa hiyo kumpa mtu mwenye upungufu wa damu mvinyo pamoja na mchicha wake ni kumrudisha nyuma. Pombe pia hupandisha presha, na Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Mjamzito asiguse kabisa. Upungufu wa damu una sababu nyingi, kuanzia lishe na minyoo hadi kutokwa damu ndani taratibu, na hakuna hata moja inayotibiwa kwa glasi. Mpelekeni kituo cha afya apimwe damu na presha, na daktari ajue dawa zote anazotumia. Kama anatumia dawa za presha, za kisukari, za kifua kikuu, za kuzuia damu kuganda, au metronidazole, aulize daktari au mfamasia kabla ya kunywa pombe ya aina yoyote, hata siku ya sherehe.

Siku hiyo yeye, pamoja na wasiokunywa kwa imani au kwa hiari, watengenezee juisi ya rozela. Ichemshe na mdalasini na karafuu, weka sukari kidogo tu, kisha ipoze vizuri. Ina uchachu na ukakasi kidogo unaofanana na wa mvinyo, kwa hiyo inakwenda na mbuzi na pilau ile ile, na mtu hajioni ametengwa na glasi ya soda. Nayo pia haiongezi damu kama inavyosifiwa, ni kinywaji kizuri tu.

Kuhusu nusu chupa ya Krismasi: hiyo kwa sasa ni siki. Chupa ikishafunguliwa, hewa huanza kuila ladha, na bakteria hugeuza pombe kuwa asidi ya siki, tena upesi zaidi kwenye kabati la Dar. Mvinyo mwekundu uliofunguliwa ukizibwa na kuwekwa kwenye friji unakaa siku tatu hadi tano. Inuse. Kama inanuka siki safi, unaweza kulowekea nyama ngumu ya ng'ombe kabla ya kuichemsha. Kama ina ukungu juu au harufu ya kuoza, mwaga.

Chupa moja ya mililita 750 hutoa glasi tano za kawaida. Hesabu wanaokunywa, si wote waliokuja, na usijaze glasi zaidi ya nusu ili harufu ipate mahali pa kukaa. Dereva asimiminiwe.

Nunua chupa moja wiki hii, kabla ya zile za wageni, uionje nyumbani na kipande cha nyama yenye chumvi, ikiwa na joto nililokutajia. Ikiwa bado ni msasa, badilisha lebo. Watengenezaji wako kadhaa na mitindo yao haifanani, na duka linalouza mvinyo kwa wingi litakuwa na mtu wa kukuonjesha au kukuelekeza. Ukikuta punje ngumu zinazong'aa chini ya chupa au mashapo meusi, usishtuke, ni chumvi za zabibu na rangi zilizotuama. Isimamishe chupa tangu jana yake na umimine taratibu. Ukikuta harufu ya karatasi ya boksi lililoloa, au kizibo kimesukumwa nje na kuvuja, hiyo imeharibika. Irudishe dukani pamoja na risiti.